Unameza Nini Kingine? Dawa za Nyumbani na Majaribio ya Tiba ya Saratani



Naanza na watoto wachanga 340. Walichanjwa hapa hapa Bagamoyo, na Desemba 2008 matokeo yao yakachapishwa katika New England Journal of Medicine, jarida la udaktari linalosomwa ulimwengu mzima. Jina la kwanza kwenye taarifa ile ni la Dkt. Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara. Watu wakiyakumbuka majaribio yale hukumbuka chanjo ya malaria, RTS,S, ambayo Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa watoto wa Afrika. Ni haki wakumbuke hivyo. Lakini ukiacha lile la usalama, swali kubwa lililowapeleka watafiti kwa watoto wale lilikuwa jingine kabisa. Mtoto akichomwa chanjo mpya siku ileile anayochomwa chanjo za kawaida za kliniki, za dondakoo, pepopunda na kifaduro, je, hizi za kawaida zitapungua nguvu? Jibu lilikuwa kwamba hazikupungua.

Kwa hiyo mji huu unalijua swali la kipya kukutana na cha zamani ndani ya mwili mmoja. Mama zenu na dada zenu walilijibu kwa kuwaleta watoto wao, tena katika pwani hii ambayo habari za mumiani hazijasahaulika na mtu anayechota damu kwenye vichupa bado anatazamwa kwa jicho la pembeni. Jioni hii nalileta swali lilelile kwenye saratani, na nawaonya mapema kwamba huko ni gumu zaidi.

Ni gumu kwa sababu ya anayeulizwa. Mtoto wa wiki sita anakuja kliniki mwili mtupu. Dawa alizowahi kupewa zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mgonjwa wa saratani anayeingizwa kwenye majaribio ya dawa mpya ni mtu mzima mwenye historia. Ana presha, pengine sukari. Pengine yuko kwenye ARV mwaka wa kumi na tano. Kiungulia kinamsumbua, magoti yanamuuma, na usingizi haumjii tangu aambiwe ugonjwa wake. Kwa kila moja ya shida hizo ana kidonge, na kwa nusu yake ana majani pia.

Sasa tuingie mwilini. Dawa nyingi za kumeza, zikishapita tumbo, hufikishwa kwenye ini, na humo zinakutana na vimeng'enya vinavyozivunja ili zitoke. Wale wanaopita mbele ya forodha ya zamani kule ufukweni watanielewa nikisema ini ni forodha. Kimeng'enya kimoja, kinachoandikwa CYP3A4, ndiye karani anayeshughulikia karibu nusu ya mizigo yote, na dawa nyingi za saratani zilizobuniwa katika miaka 25 iliyopita hupitia mezani kwake. Kuna vitu vinavyomfunga karani huyo mikono: ketokonazo na itrakonazo za fangasi, erithromisini, maji ya balungi. Mzigo unarundikana, dawa inazidi kwenye damu, nayo inageuka sumu. Kuna vitu vingine vinavyoita makarani zaidi waje kazini: rifampisini ya kifua kikuu, dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, efavirenzi. Hapo mzigo unatolewa haraka mno, dawa inaondoka kabla ya kufanya kazi, na uvimbe unaendelea kukua huku mgonjwa akimeza vidonge vyake kwa uaminifu asubuhi na jioni.

Nitawapa mfano wenye hesabu. Imatinibu ni kidonge cha saratani ya damu aina ya CML. Wagonjwa wa kwanza walikijaribu Marekani mwaka 1998, kikaruhusiwa kuuzwa huko Mei 2001, na hapa kwetu wagonjwa wengi wamekipata bure kupitia mpango wa msaada wa kiwanda. Watu waliopewa imatinibu wakiwa wanameza rifampisini, kiasi cha dawa kilichoonekana kwenye damu yao kilishuka kwa asilimia 74. Chukua kidonge chenyewe cha miligramu 400, toa hiyo 74 katika kila mia. Umebaki na mtu aliyemeza miligramu mia moja na ushei. Nayo rifampisini humezwa miezi sita mizima, na hata ukiiacha leo, makarani wale wa ziada hawaondoki kwenye ini kabla ya wiki mbili hivi.

Wauguzi wa kliniki zetu za TB na UKIMWI wanaijua tabia hii ya rifampisini vizuri kuliko madaktari wengi wa ng'ambo. Mtu mwenye VVU akianza dawa za TB, dolutegraviri yake inatoka mara moja kwa siku inakuwa mara mbili. Hilo linafanyika kwenye vituo vya afya vya kawaida, na halihitaji profesa. Nalitaja kwa sababu nimechoka kusikia kwamba muingiliano wa dawa ni somo la hospitali kubwa.

Lakini imatinibu ni dawa iliyokwisha kujulikana. Sasa fikirini dawa isiyojulikana, dawa ambayo bado haina hata jina, ina herufi na namba tu.

Majaribio ya mwanzo kabisa ya dawa ya saratani kwa binadamu yanatafuta jambo moja: kipimo ambacho mwili unaweza kukivumilia. Utaratibu wa miaka mingi ni kuchukua wagonjwa watatu watatu. Watatu wa kwanza wanapewa kipimo kidogo. Wakivumilia, watatu wengine wanapewa kikubwa zaidi. Mmoja kati ya watatu akipata madhara makubwa, wanaongezwa watatu wa kipimo kilekile. Akidhurika mwingine, kupanda kunasimama. Ndiyo kusema kwamba uamuzi wa kipimo watakachopewa maelfu ya watu baadaye unaweza kutegemea miili ya watu sita.

Mtieni mmoja kati ya hao sita kidonge cha fangasi alichonunua dukani bila kumwambia mtu. Dawa inamzidia, anaharisha damu, chembe zake nyeupe zinaporomoka. Kitabu cha majaribio kinaandika kwamba kipimo hiki ni hatari. Kipimo kinashushwa, na dawa ambayo ingeweza kufaa inakwenda hatua inayofuata ikiwa dhaifu. Au mtieni mwingine dawa ya kifafa. Huyo anavumilia kila kitu, kitabu kinaandika kwamba kipimo hiki ni salama, na mgonjwa wa baadaye asiye na kifafa anapewa kipimo hichohicho na kuumia. Kidonge kisichotajwa kinamdhuru aliyekimeza, kisha kinaingia kitabuni na kudhuru watu ambao hawajaugua bado. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi katika kazi hii ya ufamasia, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Msidhani nazungumzia mambo ya kufikirika. Japani, Septemba 1993, ilianza kuuzwa dawa mpya ya mkanda wa jeshi iliyoitwa sorivudini. Mkanda wa jeshi, mnaujua, huwapenda watu ambao kinga yao imeshuka, na wagonjwa wa saratani ni miongoni mwao. Sorivudini ikifika utumboni, bakteria wa tumbo huigeuza kuwa kitu kingine, na kitu hicho kinakiua kimeng'enya kinachovunja fluorourasili, dawa ya saratani ya zamani iliyotumika sana Japani kwa namna ya vidonge. Fluorourasili ikajaa mwilini bila pa kutokea. Ndani ya takriban siku 40 tangu dawa iingie sokoni, wagonjwa 15 walikuwa wamekufa.

Kinachouma ni kwamba onyo lilikuwepo. Wagonjwa watatu walikwisha kufa wakati wa majaribio, kabla dawa haijapata kibali. Vifo vilionekana, lakini uhusiano wake na fluorourasili haukupewa uzito uliostahili. Na habari za vifo vya sokoni zilipoanza kuvuja ndani ya kampuni, walikuwepo waliokimbilia kuuza hisa zao kwanza. Kesi yake ilifika hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi ile.

Liko jambo jingine katika mkasa ule linalotugusa watu wa pwani. Desturi ya Japani wakati huo ilikuwa kumficha mgonjwa saratani yake. Familia inajua, daktari anajua, mgonjwa anaambiwa ana vidonda vya tumbo. Mtu wa namna hiyo akienda kwa daktari wa ngozi na mkanda wake wa jeshi, akaulizwa "unatumia dawa za saratani?", atajibu nini? Atasema hapana, na atakuwa anasema kweli. Nani kati yetu hajawahi kusikia "msimwambie mama, atakufa kwa hofu"? Hufanywa kwa mapenzi. Katika majaribio ya dawa haiwezekani kisheria, kwa sababu mgonjwa lazima aelezwe ugonjwa wake na asaini mwenyewe. Lakini nje ya majaribio, kwenye wodi na majumbani, bado tunaficha.

Afrika Mashariki si mgeni katika habari hizi za majaribio ya saratani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Uganda, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya wa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 Kampala ikafunguliwa wodi maalumu ya uvimbe huo, iliyokuja kukua hadi kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na humo dawa za saratani zilijaribiwa kwa mchanganyiko wakati ambapo hospitali nyingi za dunia zilikuwa bado zinasitasita. Kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika lile jengo la Wajerumani la miaka ya 1890 linalotazama bahari, ilishiriki pamoja na Kenya na Nigeria katika majaribio ya dawa tatu za Burkitt. Watoto na vijana 356 walitibiwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2012, Profesa Twalib Ngoma akiwa mwandishi wa kwanza. Dawa zenyewe: siklofosfamidi, methotreksati na vinkristini.

Hizi mbili za mwisho zinastahili tuzikalie kidogo.

Methotreksati inatoka mwilini kwa njia ya figo, na kazi yake ni kuzinyima chembe zinazokua haraka ile vitamini ya foleti. Septrini nayo inaingilia foleti, na inagombania njia ileile ya figo. Ukizichanganya, uboho wa mifupa unaweza kusimama kutengeneza damu. Mgonjwa anatoka vidonda mdomo mzima, hawezi kumeza hata uji. Sasa jiulizeni ni nyumba ngapi kati ya hapa na Saadani zina septrini kabatini. Wanaoishi na VVU wengi wamekuwa wakipewa kila siku, kwa sababu nzuri kabisa. Wengine wanainunua kwa kikohozi, kwa kuhara, kwa kidonda. Diklofenaki, ambayo wavuvi na wabeba mizigo wetu wanaimeza kwa maumivu ya mgongo, nayo hubana figo na kuichelewesha methotreksati kutoka.

Vinkristini ina habari ndefu zaidi. Ilitokana na kimaua kidogo, cha waridi au cheupe, ambacho asili yake ni Madagaska na ambacho kinaota chenyewe kwenye mchanga wa pwani hii. Mmepita kando yake mkija. Vinkristini huvunjwa na karani wetu wa CYP3A4 pamoja na ndugu yake, CYP3A5. Mtoto anayetibiwa kwa vinkristini mara nyingi hupata utando mweupe wa fangasi mdomoni, na mama yake, kwa huruma, anaomba dawa ya fangasi. Akipewa itrakonazo, vinkristini inabaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu: miguu inakufa ganzi, utumbo unagoma kusukuma choo, wengine wanapata degedege.

Huyo ndugu wa pili, CYP3A5, ana kisa chake. Wazungu wengi hawana kinachofanya kazi. Waafrika wengi tunacho. Pale Eldoret, watafiti waliwapima watoto wa Kenya wenye saratani, wakakuta walio wengi sana wana kimeng'enya hicho chenye nguvu, na madhara ya ganzi kwao ni machache kuliko yalivyozoeleka kwenye vitabu. Hapo likazuka swali: je, kipimo cha vinkristini kilichowekwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani ni kidogo mno kwa mtoto wa hapa? Utafiti uliofuata Kenya wa kupima dawa kwenye damu na kupandisha kipimo kwa watoto wenye kiwango cha chini ulipewa jina la CHAPATI. Watafiti nao wanapata njaa.

Mnaona kwa nini nasema majaribio yafanyike na hapa. Miili yetu, na makabati yetu ya dawa, si ya Boston. Kwa miaka mingi majaribio mengi ya saratani ya nchi tajiri yaliwafungia mlango watu wenye VVU, wenye TB, wenye homa ya ini. Ilikuwa rahisi kwa mtafiti: asiye na vidonge vingine hakusumbui. Lakini ugumu ule haukuyeyuka, ulisafirishwa. Dawa ilipofika kwetu ikiwa na kibali, ilikutana na ARV kwa mara ya kwanza ndani ya mgonjwa wa kawaida, bila mtu wa kumfuatilia. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kikishirikiana na wenzake, kilipendekeza mlango ufunguliwe kwa wenye VVU. Sisi huku tulikuwa tumeshaanza: majaribio ya saratani ya Kaposi yaliyofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, yaliyotoka kwenye The Lancet mwaka 2020, yaliwachukua watu wenye VVU wakiwa na ARV zao, na yakaonyesha paklitakseli inashinda dawa mbadala zilizolinganishwa nayo. Mhusika mkuu hakuwa paklitakseli peke yake. Alikuwa paklitakseli pamoja na efavirenzi, kama watu walivyokuwa wanazitumia kweli.

Sasa twende dukani. Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na sasa yako Kerege, Mapinga, Zinga na kila njiapanda, yamefanya kazi kubwa. Muuzaji wake ndiye mtaalamu wa kwanza anayekutana na mgonjwa, na mara nyingi wa mwisho. Mgonjwa wa saratani anamwendea kwa mambo madogo. Kiungulia, kwa mfano. Dasatinibu, nduguye imatinibu, inahitaji tindikali ya tumbo ili iyeyuke. Famotidini inayopunguza tindikali iliishusha dasatinibu kwenye damu kwa asilimia 61. Omeprazo inakataza tindikali kwa muda mrefu zaidi. Dawa nyeupe ya kutafuna ya magnesiamu ina nafuu: ikitafunwa saa mbili kabla au baada, madhara yake ni madogo. Tofauti kama hiyo, ya dawa ipi na saa ngapi, muuzaji anaweza kuijua akielezwa. Hajaelezwa.

Malaria je? Dawa ya mseto, ambayo Tanzania iliianza mwishoni mwa 2006, ina lumefantrini, nayo hupita forodha ileile ya CYP3A4. Baadhi ya dawa mpya za saratani, nilotinibu ikiwa mojawapo, huchelewesha umeme wa moyo, na kwinini hufanya hivyohivyo. Mbili zikikutana, mapigo yanaweza kuvurugika. Simaanishi mgonjwa wa saratani asitibiwe malaria. Malaria itamuua mapema kuliko saratani. Namaanisha anayemtibu ajue, achague, na ampime moyo ikibidi.

Na miti shamba. Najua kuna wanaosubiri niiponde. Sitaiponda, chuo chetu cha afya Muhimbili kina kitengo cha kuchunguza tiba asilia tangu 1974, na vinkristini yenyewe nimewaambia imetoka wapi. Lakini mti wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kugongana na dawa pia, na lililopimwa limepimwa. Uholanzi, mwaka 2002, wagonjwa watano wa saratani walipewa irinotekani wakiwa wanatumia mmea maarufu wa Ulaya wa kutuliza huzuni, unaouzwa huko bila cheti. Sehemu ya dawa inayofanya kazi ilishuka kwa asilimia 42. Huko huko, miaka ya karibuni, wanawake wenye saratani ya matiti wanaomeza tamoksifeni walipewa vidonge vya manjano vilivyochanganywa na kiini cha pilipili manga, na umbo kali la dawa yao likashuka kwa karibu asilimia 12. Kina mama, msitupe viungo vya pilau. Kile kilikuwa kipimo cha vidonge, gramu kadhaa kwa siku, kiasi ambacho hakuna mpishi wa Bagamoyo angekitia chunguni akabaki na heshima yake. Ila vidonge vya aina hiyo sasa vinauzwa Dar es Salaam kwenye makopo mazuri, na wagonjwa wanavinunua.

Balungi nilishalitaja. Madhara yake yaligunduliwa Kanada kwa bahati: watafiti waliokuwa wakipima dawa ya presha pamoja na pombe, wakiongozwa na David Bailey, walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakashangaa dawa inapanda kwenye damu kuliko ilivyotarajiwa. Walichapisha mwaka 1991. Nyongeza yangu kwa pwani hii: danzi, lile chungwa chungu tunalokamulia samaki, nalo lina vitu vilevile vinavyomfunga karani wa utumboni. Tone kwenye kitoweo si tatizo. Bilauri ya maji ya danzi kila asubuhi "kusafisha damu" ni jambo la kumwambia daktari.

Hapa ndipo nafika kwenye lawama, na siielekezi kwa wagonjwa. Inatuhusu sisi tunaouliza. Kuna mazungumzo ambayo kila mfamasia anayeyafanyia kazi majaribio ameyasikia kwa namna moja au nyingine:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hapana, situmii dawa."

"Ya presha je?"

"Aa, hiyo ni ya siku zote."

"Na ya kulala?"

"Ile ya mwanangu Fatuma? Nameza nusu tu."

"Na sindano ya miguu?"

"Hiyo nilichomwa juzi, imeshapita."

Bibi hakudanganya. Aliulizwa swali la fomu, akalijibu. Fomu nyingi zimetungwa na watu wanaodhani kila mtu ana daktari mmoja na duka moja, na kumbukumbu yake yote iko kwenye kompyuta. Bibi wa Mlingotini ana zahanati, ana duka, ana shehe aliyemwandikia kombe, ana mjukuu anayeleta vidonge kutoka Kariakoo, na jirani aliyepona kwa mwarobaini. Ukitaka kujua anachomeza, usimuulize dawa. Muulize usiku akiumwa anafanya nini. Muulize tumbo, choo, usingizi, viungo. Mwambie aje na kila kitu kilichoko kabatini, na makopo matupu pia. Na mwenzi wake au mwanawe akikaa pembeni, mtoe nje kwa adabu kabla ya kuuliza habari za ARV, za vijiti vya uzazi wa mpango na za vidonge vya nguvu za kiume. Hayo matatu hayasemwi mbele ya jamaa, na yote matatu yanagusana na dawa za saratani. Vijiti hasa: majaribio mengi humtaka mwanamke asishike mimba, na efavirenzi inaweza kuvipunguza vijiti nguvu hadi mimba ikaingia.

Kuna pia hofu ya kutolewa. Mgonjwa anajua, au amesikia, kwamba akisema anatumia kitu fulani atafutwa kwenye majaribio, na majaribio ndiyo matumaini yake ya mwisho. Basi ananyamaza. Dawa ya hofu hiyo ni kumwambia kweli tangu siku ya kwanza: vingi vinaweza kubadilishwa, vingine kusubiriwa wiki mbili vitoke mwilini, vichache tu ndivyo vinavyofunga mlango. Majaribio yoyote hapa nchini lazima yapitiwe na kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kupata kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa, na mshiriki ana haki ya kuuliza, kukataa na kujitoa bila kunyimwa tiba ya kawaida. Ningependa haki hiyo iambatane na moja zaidi: apewe kadi ya mfukoni, ya Kiswahili, yenye jina la dawa ya majaribio, vitu vya kuepuka, na namba ya simu inayopokelewa saa nane za usiku. Si namba ya ofisi.

Katika maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi, mengi nimeyajibu nikiendelea. Limebaki la mama mmoja: mtu aliye kwenye dawa za saratani, za majaribio au za kawaida, akipata homa usiku, na Ocean Road ni kilomita zisizofika 80 lakini gari hakuna, afanye nini?

Mama, asianze na Panadol. Dawa za saratani hushusha chembe nyeupe, na homa inaweza kuwa dalili pekee ya maambukizi yanayoua kwa saa chache. Panadol itaishusha homa, dalili itapotea, maambukizi yatabaki. Na kwa anayetumia imatinibu, Panadol ya mara kwa mara inaliongezea ini mzigo. Mpime joto kama kipimo kipo. Likifika 38, usisubiri asubuhi: pigeni namba ya kwenye kadi huku mkitafuta bajaji ya kumfikisha hospitali ya wilaya. Mlangoni semeni neno "saratani" kwanza, hata kama mgonjwa mwenyewe amefichwa, kisha mtoe kadi na ule mfuko wa dawa zote. Apimwe malaria, ndiyo, lakini hata kipimo kikionyesha malaria, aangaliwe na damu na aanzishiwe antibayotiki bila kungoja. Na mseto ukiandikwa, mwambieni anayeandika azungumze na yule wa kwenye simu kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Dakika tano zinatosha.